Nchi Inayoanza na Koki

Kwaru. Kwaru. Kata ilikuwa inakwangua kitako cha mtungi gizani, na aliyeishika alijitahidi isisikike.

Siwema alifumbua macho. Kidawa, bintiye, alikuwa amelala juu ya kifua chake, nywele zimelowa jasho. Karibu na mlango aliona kivuli cha mtu mwenye tumbo kubwa, ameinamia mtungi kwa shida. Alikuwa dada yake, Somoe.

"Dada, unafanya nini saa hizi?"

"Shii! Nakunywa kabla hakujapambazuka." Somoe alimeza, akajifuta midomo kwa upindo wa kanga. "Na wewe kama unataka, inuka unywe sasa hivi, halafu utafune unga mkavu. Leo anapita Karani wa Kiu. Akikukuta na ulimi mbichi umetuangusha kijiji kizima."

"Na mtoto?"

"Mtoto mpe kidogo. Kidogo, Siwema, si kata nzima!"

Hivyo ndivyo Siwema alivyoianza siku yake ya kwanza katika nchi ya Mikasini. Alivyofika huko si kitu cha kupotezea maneno. Mtu ukiitwa na dada yako uende ukampokelee mtoto, na mumewe yuko migodini harudi leo wala kesho, huulizi njia ni ndefu kiasi gani. Unamfunga mwanao mgongoni, unakwenda. Alichokikuta huko ndicho cha kusimuliwa.

Jua lilipochomoza, watu wa kijiji cha Vitomani walisimama mbele ya nyumba zao, vinywa wazi. Karani wa Kiu alipita mlango kwa mlango. Jina lake Bwana Shaweji, mtu mpole, nguo zake za kaki zimepigwa pasi mpaka zimeng'aa magotini, na kiunoni amening'iniza mkasi mdogo kama wa kukatia kucha. Mikasini cheo cha mtu unakijua kwa mkasi wake. Karani ana wa kucha, mkuu wa wilaya ana wa fundi cherehani, na wakubwa wa juu kabisa wana mikasi ya kubebwa na watu wawili, kwa sababu kazi ya serikali katika nchi ile ni kukata utepe. Kazi nyingine zipo, lakini hazina mkasi.

Bwana Shaweji aliweka kijiti juu ya ulimi wa kila mtu, akatazama, kisha akatangaza kwa sauti ili majirani wasikie. Huko hawaamini sana maandishi. Neno lililosemwa mbele ya watu ndilo muhuri, na likishatoka halirudishwi.

"Kiu ya daraja la kwanza," alisema kwa kikongwe mmoja, na watu wakampigia makofi.

Alipofika kwa Kidawa, mtoto alikilamba kijiti.

"Huyu hana kiu," alisema Karani.

"Ni mgeni huyu, Bwana Shaweji," Somoe alirukia. "Kaja jana."

"Mgeni akilala usiku mmoja, kwa mambo ya kiu ni mkazi."

"Basi alikuwa analia. Ni machozi hayo, yamemwingia mdomoni."

Karani akafikiri kwa muda, kijiti mkononi. "Machozi hayamo katika kanuni," alisema mwishowe. "Huyu nitamtangaza yuko katikati." Akamgeukia Siwema na kushusha sauti. "Usinichukie, mama. Sikuzitunga mimi. Nilikuwa mpima mashamba. Mashamba yakaondolewa kwenye bajeti, wakaniletea ndimi."

Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyeuguza. Siwema alishindwa kumchukia.

Baada ya ukaguzi Somoe alimpeleka mdogo wake uwanjani akaone kile kilichowafanya watu watafune unga asubuhi. Katikati ya uwanja palikuwa na ukuta mpya, mfupi kuliko nyumba, mrefu kuliko mtu, umepigwa lipu na kupakwa rangi ya samawati. Kwenye ukuta ilichomoza koki ya shaba, inametameta, imefungwa utepe mwekundu. Siwema, ambaye kwao alisoma masomo ya jioni huku akinyonyesha, na mwalimu wake alimzoeza kuzunguka nyuma ya kila kitu anachoonyeshwa, alizunguka nyuma.

Nyuma kulikuwa na bomba. Lilikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima, kutoka kiwikoni hadi vidoleni. Lilitoka ukutani, likapinda, likaelekeza mdomo juu kama kinda anayengoja kulishwa. Hapo ndipo lilipoishia.

"Bomba lenyewe liko wapi?" Siwema aliuliza.

"Ndilo hilo," alijibu mtu aliyekaa kivulini akila karanga. Alikuwa mkandarasi, Bwana Tindwa, amevaa kofia ngumu ya njano isiyo na mkwaruzo.

"Linatokea wapi?"

"Linatokea hapo. Linakwenda mbele, kwenye koki."

"Kaka yangu, na maji?"

Mkandarasi alicheka bila ubaya, akamkaribisha karanga. "Wewe si wa huku. Keti nikueleze, maana wageni wote mnauliza hilo hilo."

Akaeleza. Zamani, alisema, Mikasini walichimba mitaro kama nchi nyingine. Walianza kwenye chemchemi wakaja chini polepole, na ruzuku ikaisha kabla ya kufika kwa watu. Wakaguzi wakija wanaona udongo uliofukiwa. Nani ataapa kwamba chini ya udongo mna bomba? Ndipo ikatungwa sheria kwamba hakuna kulipwa ila kwa kinachoonekana. Koki inaonekana. Bomba likishafukiwa halionekani. Kwa hiyo kazi ikaanzia kwenye koki, na pesa ya ruzuku ikawa inaishia papo hapo.

"Halafu kuna zabuni," aliendelea. "Kila mkandarasi anataja urefu wa bomba lake mbele ya kamati. Mwenye fupi ndiye mwenye nafuu, ndiye anayeshinda. Mwaka juzi mimi nilitaja bomba la kutoka hapa mpaka pale kwenye mawe. Walinicheka mpaka mwenyekiti wa kamati akatokwa machozi. Mwenzangu mmoja alitaja mkono, akashinda. Basi safari hii na mimi nimetaja mkono."

"Na hakuna anayelalamika kuwa maji hayaji?"

"Dada, bomba lisilokuwepo halivuji. Nenda nchi yoyote uulize maji yao yanapotea kiasi gani njiani. Sisi halipotei hata tone. Wenzetu wanakuja kujifunza." Alimenya karanga nyingine, hakuila. "Na lazima bomba litengenezwe humu humu nchini, ndiyo sheria. Sasa kiwanda kilichopo ni cha mikasi tu. Hata huo mkono mmoja unaouona, niliwabembeleza mwezi mzima."

Siwema akatazama ule mdomo wa bomba uliokuwa ukitazama mbingu. "Kwa hiyo siku ya kufungua, mgeni rasmi akizungusha koki, kunatoka nini?"

Hapo mkandarasi alimtazama Somoe, na Somoe akainua kidevu. "Maji," alisema. "Yanatoka maji safi kabisa. Mimi ndiye ninayeyatia."

Kumbe kila ruzuku ina mchango wa wananchi. Na kwa kuwa ruzuku ni ya maji, sheria inataka mchango nao uwe wa maji. Wanawake huteka mtoni, wanapanda na ndoo, na mmoja wao, aliyechaguliwa kwa uthabiti wa mkono, hukaa nyuma ya ukuta akimimina kwenye bomba mpaka hotuba ziishe. Si siri wala si udanganyifu, imo katika mkataba. Mmiminaji hupewa kanga mpya na jina la heshima, Mama wa Nyuma. Somoe alikuwa Mama wa Nyuma kuliko wote wilayani. Vijiji vingine vilikuwa vinamwazima.

"Mkono wangu hautetemeki," alimwambia mdogo wake, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alitabasamu. "Maji yangu yanatoka kwenye koki kama uzi. Mkubwa mmoja aliwahi kusema hajaona mtambo mzuri kama ule. Mtambo wenyewe mimi!"

Kisha tabasamu likafifia. Aliweka kiganja kiunoni, akageuka kuelekea kilimani. Juu, penye mawe meusi, palionekana kipande cha kijani kibichi kati ya majani makavu. Ilikuwa chemchemi, haikauki kiangazi wala masika. Vijana wa Vitomani walikwisha kuanza kuichimbia mtaro wenyewe, na mtaro ulionekana kama mkwaruzo kwenye mgongo wa kilima. Walichokosa ni mabomba. Na ipo ruzuku ya chemchemi, ruzuku ya kweli, yenye mabomba ya kutoka nje kwa kibali maalumu, na zamu ya Vitomani kwenye foleni ilikuwa imekaribia.

"Lakini ile ni ya vijiji visivyo na maji," alisema Somoe. "Kesho koki hii ikifunguliwa, sisi tumenyweshwa. Tunatoka kwenye foleni. Hatutarudi tena, sisi wala wajukuu wetu."

Siwema akatazama upande wa pili, mtoni. Njia ilishuka kwa mawe yaliyolainishwa na nyayo, ikapotea chini kwenye magugu. Mimba mbili za Somoe zilikwisha kuharibika kwenye njia ile. Hii ya tatu ndiyo pekee iliyofika mwezi wake, na mtoto akizaliwa atashuka na kupanda naye hapo kila siku, mgongoni mtoto, kichwani ndoo. Siwema alimchukua Kidawa aliyekuwa anavuta utepe, akambeba ubavuni.

Alasiri kijiji kilikutana kwenye darasa la shule. Mwenyekiti, Mzee Makorongo, alifungua kikao kwa kupiga miayo.

"Tuikatae!" alisema kijana mmoja mwenye udongo wa mtaroni kwenye viatu.

"Kama Mbambara?" Mwenyekiti alimjibu. "Mbambara waliikataa koki. Wakaambiwa anayekataa maji hana kiu. Wakatangazwa kijiji kisicho na kiu, na tangu siku hiyo hata mvua ikinyesha serikali inawauliza wanaipeleka wapi. Unataka hivyo?"

"Basi tuipokee na tulalamike baadaye."

"Utalalamika kwa nani? Umenyweshwa wewe!"

Watu wakacheka kicheko cha uchovu, kile cha kutoka puani. Ndipo mwalimu wa shule akainua mkono, akaeleza jambo ambalo wote walilijua na hakuna aliyekuwa anapenda kulitaja. Katika ufunguzi, kabla ya makofi ya mwisho, Karani huuliza umati kwa sauti kuu, "Maji haya yanatoka wapi?" Umati hujibu, "Kwenye koki!" Na jibu la kwanza ndilo jibu, hata likitoka kwa kichaa, hata kwa mpita njia. Likitajwa chanzo kingine, koki haihesabiwi. Kijiji hakikukataa, wala hakikunyweshwa. Kinabaki kwenye foleni pale pale kilipokuwa.

"Basi si rahisi hiyo?" alisema Siwema, akisahau kwamba ni mgeni.

Darasa zima likamgeukia.

"Mwanangu," alisema Mzee Makorongo, "sheria hiyo ina mkia. Mtu mzima atakayejibu vingine amemwaibisha mgeni rasmi, na siku hiyo hiyo anatolewa nje ya mipaka. Anaacha nyumba, anaacha shamba, anaacha na makaburi ya wazee wake. Haya, nani? Aseme sasa tumshukuru."

Kila mtu alitazama kucha zake. Mwalimu alikuwa na mama aliyepooza. Kijana wa mtaroni alikuwa ameposa. Mwenyekiti mwenyewe alitazama dirishani kwa muda mrefu, kama mtu anayehesabu miti yake, kisha akakaa.

"Mimi nitajibu," alisema Siwema. "Mimi sina shamba hapa."

"Wewe nyamaza!" Somoe alisimama kwa kishindo mpaka dawati likayumba. "Umekuja kunipokelea mtoto, hukuja kufukuzwa. Nikishikwa na uchungu nikamate mkono wa nani, wa Bwana Shaweji? Zile mbili za kwanza nilikuwa peke yangu, Siwema. Peke yangu, kwenye yale mawe. Niahidi. Mbele ya watu, niahidi hutafungua mdomo."

Na kwa kuwa katika nchi ile neno likisemwa mbele ya watu halirudishwi, Siwema alisita. Alimwona dada yake ameshika tumbo kwa mikono miwili kama anayezuia mtungi usidondoke.

"Naahidi," alisema.

Kikao kikafungwa. Iliamuliwa kwamba watu watajibu kama kawaida, na wala haikupigwa kura, kwa sababu kura inachosha.

Asubuhi ya ufunguzi, Somoe alijaribu kupanda kwenye ngazi ya mawe nyuma ya ukuta, akashindwa. Kiuno kilikataa. Alikaa chini, akavua kanga mpya ya Mama wa Nyuma, akamvisha mdogo wake mwenyewe. Ilionekana wazi kwamba inamuuma.

"Mimina kama unavyomnywesha mtoto uji," alimfundisha. "Usiharakishe. Akifungua kidogo, mimina kidogo. Akifungua sana, ongeza. Msikilize mkono wake kupitia bomba."

"Kidawa utamshika wewe?"

"Nitakuwa naye mbele. Mama yako anafanya kazi, eti Kida? Twende tukaone maji."

Kidawa aliiangalia ndoo, akaangalia bomba, akamwangalia mama yake aliye juu ya mawe. Kisha akachukuliwa mkono, akaenda huku anageuka geuka nyuma.

Wanawake walikuwa wamepanga ndoo kuanzia mtoni hadi ukutani, na wengine walikuwa bado wanapanda, shingo zimekaza, hawasemi. Mgeni rasmi alifika na mkasi wake uliobebwa na watu wawili. Siwema hakumwona. Kutoka nyuma ya ukuta alisikia tu. Alisikia ngoma, kisha hotuba. Mgeni rasmi alizungumza juu ya enzi za kiu, ambazo alisema leo zinazikwa rasmi. Alimshukuru mkandarasi kwa kumaliza kazi kabla ya wakati. Alisema katika wilaya nzima hakuna bomba linalovuja, na watu wakapiga makofi, na Siwema akasikia kwamba baadhi ya makofi yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo lililomchosha kuliko ndoo.

Utepe ukakatwa. Koki ikalia kidogo. Siwema akaanza kumimina.

Alimimina kama uji wa mtoto. Alisikiliza mkono wa yule mtu asiyemwona, akafungua naye, akafunga naye. Upande wa pili umati ukasema "Aaah," na maji yakasikika yakipiga sakafu ya saruji, safi, kama uzi. Ndoo ikaisha, akapokea nyingine kutoka kwa mwanamke mwenye mikono iliyobabuka. Hawakutazamana. Akapokea nyingine. Mabega yalianza kumwaka moto, na alifikiri juu ya Somoe, amesimama hapa miaka yote hii, akijivunia.

Ngoma ikanyamaza. Alisikia Bwana Shaweji akikohoa, akisafisha koo, kisha akiinua ile sauti yake ya kutangazia ndimi.

"Wananchi wa Vitomani! Maji haya yanatoka wapi?"

Mwenyekiti ndiye wa kuanza, na wengine hufuata. Siwema aliinamisha ndoo, akangoja sauti ya Mzee Makorongo. Haikuja. Alisikia mtu akivuta pumzi na kuiacha. Alisikia kiatu kikisugua mchanga. Hawakuwa wanagoma, watu wale. Hata yeye aliyekuwa nyuma ya ukuta alilielewa hilo. Walikuwa wamechoka tu, kila mmoja anangoja mwenzake aseme lile neno kwanza ili yeye alifuate, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kulianza.

Maneno yalimpanda Siwema mpaka kooni. Aliuma mdomo wa chini. Aliahidi, na mbele ya watu. Maji yaliendelea kutiririka kutoka kwenye ndoo kwenda kwenye bomba, na ndoo ilikuwa inaelekea chini.

"Wananchi," Karani alirudia, taratibu zaidi, kama anayeomba. "Maji haya yanatoka wapi?"

Na kutoka mbele, mahali alipokuwa amesimama Somoe, ikapanda sauti ambayo Siwema angeitambua kati ya sauti zote za dunia, sauti ya mtu mdogo aliyeulizwa swali analolijua jibu lake.

"Yanatoka kwa mama."